Barua ya wazi kwa wakubwa wa mji wetu kuhusu mawe ya saa tisa

Kwa Mheshimiwa Meya, waheshimiwa madiwani, makamishna wa kaunti, na yule anayeshika kiti cha mambo ya dharura,

Salamu kwenu nyote. Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili makusudi kabisa. Najua hamkijui, itabidi mtafute mtu awasomee, pengine yule dada anayetafsiri kliniki, mtampigia mara mbili hashiki, na akishika atawaambia yuko kazini ngojeni jioni. Basi hivyo hivyo ndivyo sisi hupata habari ya mvua ya mawe kwenye mji huu. Nimeona tuanze tukiwa sawa.

Mimi natoka upande wa Kericho, Kenya, na sasa ni miaka kadhaa niko hapa kwenye tambarare za kaskazini mashariki ya Colorado, nafanya shifti ya pili kiwanda cha nyama. Mtu wa Kericho hafundishwi mawe ni nini. Sehemu yetu ya chai inatajwa duniani kwa mawe, kuna mwaka zilihesabiwa siku 132 za mvua ya mawe, siku 132 kwa mwaka mmoja jamani, na sisi tuliona ni kawaida tu. Lakini mawe ya kwetu ni kama maharagwe, yanachana majani ya chai, yanapiga mabati ya shule mpaka mwalimu anaacha kufundisha, halafu yanayeyuka, maisha yanaendelea. Kwa hiyo nilipofika huku nikaambiwa jihadhari na mawe nikacheka. Nilicheka mwezi wa tatu. Mwezi wa sita nikanyamaza.

Siku hiyo asubuhi ilikuwa jua, hakuna hata wingu, watu wamefua. Shifti yetu inaingia saa tisa alasiri, kwa hiyo saa tisa kasorobo paking ya kiwanda ni kama soko, wa asubuhi hawajatoka, sisi ndio tunafika, na kutoka mwisho wa paking mpaka geti ni mwendo wa dakika saba nane kwa mguu maana karibu na geti ni pa watu wa ofisi. Upande wa milima kukawa kweusi, halafu ule weusi ukabadilika rangi, sijui niielezeje, ile rangi ya maji ya sufuria uliyochemshia sukuma wiki. Jiwe la kwanza lilianguka mbele yangu hatua kama tano, likadunda likaenda zake. Moja tu. Nikadhani kuna mtu ametupa kitu. La pili likapiga boneti ya pikapu ya mtu ikalia kama debe. Halafu kimya, kimya cha kuhesabu mpaka kumi, halafu likaja lote kwa pamoja.

Tulikimbilia chini ya trela ya ng'ombe, mimi, mama mmoja Mkongo tunayefanya naye laini moja, na kijana Msomali ambaye mpaka leo jina simjui. Juu yetu ng'ombe wanarukaruka wanalia, na mnajua trela ya ng'ombe inamwaga nini kwa chini, hapo sitaeleza. Yule mama hotpoti yake ya ugali na sombe, yale majani ya muhogo, ameiweka kichwani kama kofia. Jiwe moja likabingirika mpaka mguuni kwake, akaliokota akaligonga kwenye rimu ya gurudumu likapasuka nusu kwa nusu: katikati jeupe, halafu duara la kioo, halafu jeupe tena, halafu kioo, kama kitunguu. Akanionyesha, akasema ndugu yangu, ona, yai. Na kweli lilikuwa saizi ya yai la kuku. (Baadaye nilisoma kwamba zile pete ni safari zake ndani ya wingu, jeupe ni pale maji yaliganda haraka yakafunga hewa ndani, kioo ni pale yaliganda taratibu.) Dakika kumi, labda kumi na mbili. Tulipotoka kijana wa watu bega limevimba, na Corolla yangu kioo cha nyuma chote kimeingia ndani, kimejaa kwenye kiti cha mtoto. Mtoto hakuwemo, alikuwa kwa jirani. Lakini kiti nilikitazama kwa muda.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo barua inaanza. Chini ya ile trela tulikuwa na simu tatu. Hakuna hata moja iliyolia. King'ora cha mji hakikulia. Nikafikiri labda watu wa hali ya hewa walilala, nikaja kujua hawakulala, tahadhari ilitoka, kwenye redio na televisheni ilikuwepo, kwa Kiingereza, kama robo saa kabla. Ila tangu Agosti 2021 simu huku hupigwa ile kelele ya lazima kwa radi na mawe pale tu inapotarajiwa jiwe la sentimita 7, saizi ya mpira wa besiboli, au upepo wa karibu kilomita 130 kwa saa. Yai la kuku ni sentimita 5. Na king'ora nikaambiwa ni cha tonado, ule upepo wa kuzunguka unaoshuka toka winguni. Yaani jiwe la kuvunja kioo cha gari na bega la mtu liko chini ya kipimo cha simu na liko nje ya kazi ya king'ora. Na mimi siwalaumu waliopanga, simu ikilia kila siku mwezi wa sita watu wataizima, nami nitakuwa wa kwanza. Lawama yangu iko kwingine.

Lawama yangu ni kwamba mawe ya huku yana ratiba, nyinyi ratiba mnaijua, na hamjatuambia.

Nimekaa miaka kadhaa nikiuliza wazee wa Kizungu wenye mashamba na kusoma usiku nikitoka kazini, na nimekuta mawe ya Marekani yanahama kama wafugaji. Machi na Aprili yako Texas na Oklahoma. Mei yamepanda Kansas. Juni na Julai yako Nebraska mpaka Dakota, yanafuata ule upepo mkali wa juu sana unaosogea kaskazini kadiri joto linavyoongezeka. Sisi hapa chini ya milima zamu yetu ni katikati ya Aprili mpaka katikati ya Agosti, kilele Juni. Na kona hii ambapo Colorado, Wyoming na Nebraska zinakutana ndiyo inayopigwa mara nyingi kuliko pote nchini, siku saba mpaka tisa kwa mwaka, mji wa Cheyenne kule Wyoming wanafika tisa kumi. Ukimwambia mtu wa Kericho siku tisa atakuonea huruma kwamba mna ukame. Tofauti ni saizi, na sababu ya saizi nilihangaika sana kuielewa. Kericho tuko juu mita elfu mbili na kitu, Cheyenne ni kama 1,850, kwa hiyo kote barafu ikitoka wingu haina safari ndefu ya kuyeyuka kabla ya kufika chini, hapo tuko sawa. Lakini kwetu karibu na ikweta upepo wa juu na wa chini haupishani sana, wingu linasimama wima, mvua yake yenyewe inaliangukia na kulizima. Huku upepo wa juu unavuta vingine kabisa na wa chini, wingu linainama, mvua inaangukia pembeni, ule upepo unaopanda unabaki mzima saa nzima na zaidi, unabeba jiwe juu muda mrefu na linanenepa humo humo. Likishuka jiwe la saizi ya mpira wa gofu linakuja mpaka kilomita 65 kwa saa, kubwa kuliko hapo linafika 100 na zaidi. Hiyo ni spidi ya matatu yenye haraka.

Na siku nayo ina ratiba yake. Asubuhi jua linapasha milima, saa sita saba mawingu yanazaliwa kule juu, halafu yanashuka tambarare yanakutana na unyevu unaopanda kutoka Ghuba ya Mexico. Kuanzia saa nane mchana mpaka saa mbili tatu usiku ndio saa zake. Sasa wekeni hiyo karatasi kando ya karatasi ya shifti. Shifti ya pili inaingia saa tisa. Shifti ya kwanza inatoka saa tisa na kitu. Basi za shule zinashusha watoto saa tisa na nusu. Mngetafuta saa mbaya kuliko hiyo msingeipata. Mamia ya watu wako nje kwenye uwanja wa lami usio na hata mti, saa ile ile, miezi ile ile, kila mwaka, wengi wao hawasomi Kiingereza na magari yao yana ile bima ya chini kabisa, thadi pati, ambayo ikipigwa na mawe haikupi hata senti. Mwenye bima kubwa alipata gari nyingine. Mimi nilipata nailoni na gundi ya utepe mpaka Agosti.

Msiniambie ni jambo la bahati mbaya ya mara moja. Historia mnayo, ya kwenu wenyewe. Tarehe 30 Julai 1979 pale Fort Collins mawe makubwa yaliua mtoto mchanga mikononi mwa mamake akikimbia kutafuta pa kujificha. Hiyo siisomi mara mbili. Tarehe 1 Agosti 1985 Cheyenne ilinyeshewa zaidi ya sentimita 15 za mvua kwa saa tatu hivi, mawe yakajaa mitaani yakarundikana kumpita mtoto kimo, maji yakakosa pa kwenda, watu 12 wakafa. Tarehe 11 Julai 1990 Denver umeme ulikatika watu wakiwa juu ya bembea kubwa ya kuzunguka kwenye uwanja wa michezo, wakabaki wamening'inia wanapigwa. Hasara siku hiyo ilikuwa dola milioni 625 na watu wakasema hakuna tena kama hii. Ikaja Jumatatu ya 8 Mei 2017, alasiri, watu wanatoka kazini, magharibi ya Denver, dola bilioni 2.3, jumba moja kubwa la maduka kule Lakewood likafungwa miezi sita. Ikaja usiku wa 30 Mei 2024 mashariki ya Denver, ya pili kwa hasara baada ya hiyo. Hapo katikati, Juni 2023, watu karibu mia moja waliumia kwenye tamasha la muziki pale Red Rocks, uwanja wa wazi karibu na Denver, na Agosti mwaka huo huo likaokotwa jiwe la sentimita 13 huko Yuma County, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa Colorado. Bado hatujafika lile la Vivian, South Dakota, la 23 Julai 2010, sentimita 20, karibu gramu 880. Hilo si jiwe, hilo ni sufuria.

Wakulima wa huku wana jina wanaita mvua ya mawe, kombaini kubwa nyeupe, maana inavuna shamba lote kabla yako. Mzee mmoja mkulima wa beet, ile mizizi ya sukari, aliniambia hivyo akicheka, lakini macho hayakucheka.

Na hesabu yenyewe ina mashimo. Kumbukumbu za taifa za mawe zinaanza 1955, na jiwe halihesabiwi mpaka mtu alione, kwa hiyo ukitazama ramani unaona mawe yanapenda sana kunyesha penye barabara na nyumba. Halafu mpaka Januari 2010 jiwe la hatari lilikuwa sentimita 1.9 kwenda juu, wakapandisha ikawa 2.5, sasa mtu akilinganisha miaka ya nyuma na ya leo bila kujua hiyo anajidanganya. Ndio maana mimi nimejiunga na CoCoRaHS, kile kikundi cha watu wa kawaida wa kupima mvua kilichoanzishwa Fort Collins mwaka 1998 baada ya mafuriko ya 1997. Chombo chao cha mawe kinafurahisha, ni kipande cha ile foamu nyeupe inayokuja na TV mpya, saizi ya trei ya mayai, umekifunga na foili ya jikoni, unakiweka nje. Mawe yakipiga yanaacha mabonde, unahesabu, unapima, unatuma. Changu nimekifunga juu ya nguzo ya uzio wa ghorofa tunazokaa, na watoto wa jengo wote wanajua hicho hakiguswi, ingawa mmoja alikigusa. Kina alama ya kidole kimoja kidogo na mawe 41 ya Mei.

Siombi mzuie mawe. Walishajaribu. Kuanzia 1972 serikali ilileta ndege na wanasayansi hapa hapa kaskazini mashariki ya Colorado, kambi ikiwa Grover, wakapandia mawingu kemikali ya iodidi ya fedha miaka kadhaa, na mwisho hawakuweza kuonyesha kwamba mawe yamepungua. Na sisi Kericho miaka ya sitini mashamba ya chai yalikuwa yanapiga roketi mawinguni, wazee wanasimulia mlio wake mpaka leo. Mawe bado yapo, roketi ndio hazipo.

Ninachoomba ni kidogo mpaka naona haya. Kwanza lugha. Mwaka 2023 FCC, ile tume ya mawasiliano ya Marekani, walikubaliana tahadhari za simu ziandaliwe kwa lugha 13 mbali na Kiingereza. Nilitafuta chetu kwenye orodha. Kijerumani kimo. Kiitaliano kimo. Mwitaliano asiyejua Kiingereza kwenye kaunti hii mimi sijamwona, lakini Wakongo, Watanzania, Wakenya, Warundi wanaoongea Kiswahili wanajaza kanisa mbili kila Jumapili. Hilo ni la Washington, sawa, lakini meseji ya kawaida ya kaunti ni yenu, mnaituma kwa ajili ya barabara kufungwa na takataka kuchelewa kuzolewa. Na msiniambie maneno hayapo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inatumia kila msimu angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa, kila msikilizaji wa redio kule anajua ipi ni ipi. Huku mnatofautisha hali inayoweza kutokea na ile iliyoshaanza kwa maneno mawili ya Kiingereza yanayofanana kwa mgeni, watch na warning, mwenzangu mmoja aliamini ile nyepesi ndio nzito kwa miaka mitatu. Sentensi mbili tu zinatosha: mawe ya saizi ya yai yanakuja baada ya robo saa, ingia ndani, kaa mbali na dirisha. Nimeshawatafsiria, hakuna malipo.

Pili ni ile paking, na hapa mtasema ni mali ya watu binafsi. Ndio. Lakini kibali cha kuipanua kilipita kwenye kikao chenu, na mlidai taa na mifereji, hamkudai hata banda moja la kujikinga. Mabanda matatu ya chuma na paa nene, yale ya kuwekea mashine za shamba, basi. Na mlinzi wa geti aruhusiwe kufungua mapema mawingu yakiwa vile, maana siku ile waliofika getini walibaki nje wakitafuta kadi mifukoni huku wanapigwa. Mwenye kiwanda simtaji hapa, anajijua, na nasikia msimamizi mpya ana masikio.

Mifereji ya mtaa wetu nitaisema haraka, safisheni kabla ya Mei, majani ya miti yakichanwa na mawe yanaziba kila shimo, Cheyenne 1985 ni mbali lakini si mbali hivyo.

Kuna moja lingine dogo linaloumiza. Mawe yakipita kesho yake mlango unagongwa. Vijana wasafi wenye tableti, wanatoka mikoa mingine, wanafuata mawe kama kunguru, wanasema paa lako limekufa, weka sahihi hapa, hata ile pesa ya kwanza unayotoa mfukoni mwako kabla bima haijalipa tutakufutia. Mzee mmoja wa Uvira, Kongo, kanunua nyumba baada ya miaka kumi na mbili ya kazi, kaweka sahihi kwa kidole bila kujua alichosoma maana hakukisoma. Bima ikakataa, vijana wakadai malipo. Sasa sheria ya Colorado tangu 2012 iko wazi, mkataba wa paa uwe wa maandishi, bima ikikataa una saa 72 za kuuvunja, na fundi haruhusiwi kukufutia ile pesa ya kwanza. Mzee alikuja kuniuliza siku ya tisa. Siku ya tisa! Karatasi moja ya Kiswahili pale ofisi ya kaunti, bandikeni hata kwenye duka la unga, ingemwokoa. Na ikiwezekana iandikwe pia kwamba kuna vigae vya daraja la nne, vile vinavyojaribiwa kwa kudondoshewa tufe la chuma la sentimita 5 kutoka urefu wa mita sita, watu wakibadilisha paa waulize, maana baadhi ya bima zinapunguza bei ukiviweka.

Nilitaka kuja kuyasema haya mwenyewe. Vikao vyenu vya wazi ni Jumanne saa kumi na mbili jioni. Saa hiyo mimi niko kwenye laini na kisu mkononi mpaka saa saba usiku, na nusu ya watu ninaowasemea wako kushoto na kulia kwangu. Wekeni kikao kimoja tu asubuhi, kabla ya Aprili, saa tatu au saa nne. Mawe ya asubuhi huku ni nadra. Nitaleta ile foamu yangu yenye kidole cha mtoto, mama wa hotpoti amesema atakuja, na chai nitapika mimi, ya Kericho, si ile ya vikaratasi.